Maji ya Mama Kola

Asubuhi iliyofuata kuondoka kwa Mama Kola, mteja wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mkuu, aliyefuata mashati yake. Alifungua moja palepale kwenye kaunta, akapitisha kidole kwenye kola, akakunja uso.

"Hii kola imepigwa pasi na nani?"

"Na pasi," mama mkwe wa Mama Kola alijibu. "Kwani ulitaka ipigwe na nini?"

"Mama Kola yuko wapi?"

"Amekwenda kwao kusalimia."

"Anarudi lini?"

"Mwalimu, shati umepata hujapata?"

Mwalimu mkuu alikunja mzigo wake akatoka bila kuaga. Nyuma ya pazia Dobi, mume wa Mama Kola, alikuwa amesimama mbele ya meza yake, pasi mkononi, na kila neno alilisikia. Hakuinua kichwa. Uani, dada yake alikuwa ameshaanika nepi za mtoto wake kwenye kamba ya Mama Kola, ile inayopata jua kutwa nzima, ambayo siku zote alikuwa akiitamani.

Jina la Mama Kola lilitoka kwa wateja. Wanawake wengine wa mtaa ule waliitwa kwa watoto wao. Yeye hakuwa na mtoto wa kumpa jina, ila kola zake zilisimama kama zimetoka kiwandani siku hiyo hiyo. Mteja mmoja akatania, waliokuwepo wakacheka, jina likakaa. Siku ya kwanza hata yeye alicheka.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, hakuna aliyefikiria kwamba ataondoka. Wakati huo nyumba nzima ilikuwa na matumaini.

Matumaini hayo yaliletwa na daktari mmoja mwanamke, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na mradi hospitalini wa kuwatibu bure wanawake wachache wasiopata ujauzito. Mama Kola alikuwa amebakiwa na ovari moja. Ya pili ilitolewa zamani pamoja na uvimbe. Daktari aliwaketisha yeye na mumewe, akachora duara kwenye karatasi.

"Yai halikai kavu," alisema. "Limezungukwa na maji. Ndani ya maji hayo kuna vimeng'enya, na ndivyo vinavyolegeza ukuta ili yai litoke. Nitachota kidogo tupime vina nguvu kiasi gani. Vikiwa vinafanya kazi, hata kama ni kwa unyonge, naingia na dawa. Kama havifanyi kazi kabisa, dawa yangu haina pa kushika."

Dobi alisogea mbele na kiti chake. "Vimeng'enya navijua, daktari! Vimo kwenye unga wangu wa madoa. Niletee shati lenye damu, lenye yai, lenye jasho la mwaka mzima. Vinakula vyote."

Daktari akacheka. "Basi hivi ni ndugu zao."

Dobi alirudi nyumbani na maneno hayo kama aliyepewa cheti. Alimwambia kinyozi wa jirani, akamwambia muuza mkaa, akamwambia mama yake mara mbili. "Kumbe ni mambo yetu haya haya, mama. Ni kama kazi ya karai tu."

"Haya," mama yake alisema. "Kama ni kazi ya karai, tuone basi hilo doa likitoka."

Mama Kola alikuwa akichanganya wanga. Alisikia, akaendelea kukoroga.

Siku ya kuchotwa, sindano ilimwingia ndefu na taratibu, akauma upindo wa shuka mpaka ukalowa. Maabara ya kupima maji hayo haikuwa pale. Ilikuwa upande wa pili wa mji, na kwa desturi ya hospitali ile ndugu wa mgonjwa ndiye aliyebeba. Muuguzi alimkabidhi Dobi kisanduku kidogo chenye barafu.

"Nenda moja kwa moja," alimwambia. "Kisiwe na joto."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Mimi nabeba suti za mabwana harusi."

Mama Kola, akiwa bado kitandani, alimshika mkono. "Bwana, taratibu. Hapo ndipo nilipo mimi mwenyewe."

"Nitakubeba kama yai," alisema, na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote.

Njiani alipita kwake kuchukua koti. Akaona afungue kisanduku aangalie tu. Kichupa kilikuwa kidogo kama cha manukato, maji yake ya rangi ya nyasi kavu, na kilipomgusa kidole aliruka kwa ubaridi. Akasimama nacho. Kazi yake yote ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu vimeng'enya: ukitia unga ule kwenye maji baridi, unalala chini ya karai na doa linabaki linakukodolea macho. Ukitia kwenye maji ya kuchemka, unakufa. Unataka vuguvugu, maji ambayo mkono wa mtoto mchanga unayavumilia. Sasa hawa wenye shule zao wamevigandisha, halafu wavipime kama vinafanya kazi! Hata unga wa dukani usingefanya kazi hivyo. Yule muuguzi ni msichana tu, alifikiri, atakuwa amekosea.

Akamwaga barafu mtaroni. Akachukua taulo lililotoka kwenye pasi muda si mrefu, akalipima shavuni, akangoja lipoe kidogo, kwa maana alikuwa mtu mwangalifu. Akakifunga kichupa ndani yake, akakitia chini ya shati, tumboni.

Kinyozi alimwona akipita na tumbo lake. "Wewe Dobi! Mimba hiyo ya lini?"

"Siku zimetimia, ndugu yangu. Nakwenda kujifungua."

Wakacheka wote wawili. Basi lilichelewa, na kwenye maabara benchi lilijaa mpaka mlangoni. Dobi alikaa na mkono juu ya shati, akikisikia kile kichupa kimepata joto la mwili wake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alijiona kama baba. Zamu yake ilipofika, kijana wa dirishani alikuwa kwenye simu. Akapokea kichupa, akabandika namba, akakisukuma ndani bila kukitazama.

Majibu yalipotoka, mama mkwe alisema lazima na yeye awepo. "Nimengoja kuliko nyinyi," alisema, akavaa viatu vyake vya kutokea.

Daktari alisoma karatasi, akairudia. "Hakuna utendaji wowote," alisema. "Sikutegemea hivi." Akamgeukia Dobi. "Sampuli ilikaa kwenye barafu njia nzima?"

Chumba kilikuwa kidogo, na wanawake watatu walikuwa wanamtazama. Dobi aliona kama ameulizwa kama anajua kazi. Isitoshe aliamini amefanya vizuri zaidi ya alivyoagizwa, na maelezo yake yangekuwa marefu.

"Ndiyo, daktari," alisema.

"Maana kama ingepata hitilafu ningechota tena mwezi huu huu. Hii ovari imeanza kuchoka, hatuna muda wa kusubiri. Lakini kama ilifika salama, basi ndivyo ilivyo. Itabidi nafasi nimpe mwingine aliye kwenye foleni. Pole sana, mama."

Mama Kola alikuwa anaitazama ile karatasi kwenye meza kana kwamba yaliyoandikwa yangebadilika.

"Yaani maji yake ni maiti," mama mkwe alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema hayafanyi kazi. Kitu cha mwilini kisichofanya kazi kinaitwaje huko shuleni kwenu?"

Daktari alitafuta neno. Kabla hajalipata, mama mkwe alikuwa ameshasimama na kuchukua mkoba wake.

Dobi hakulala vizuri, na asubuhi akaamka na hasira. Ni maabara ndiyo iliyokosea. Atakuwa yule kijana wa simu. Akapanda basi kwenda kugomba. Aliyetoka kumsikiliza alikuwa fundi mwenyewe wa vipimo, mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mlipima kitu kingine," Dobi alisema. "Mimi nililinda maji yale kuliko macho yangu."

"Uliyalinda vipi?"

Dobi akaeleza. Aliposimulia habari ya taulo alisimulia kwa fahari kidogo. Fundi alivua miwani.

"Mzee, ule unga wako wa madoa. Ukiukoroga kwenye vuguvugu jioni, ukauacha mpaka asubuhi, unaondoa doa tena?"

"Aa, umeshachoka huo. Unamwaga."

"Kwa nini umechoka?"

Dobi alishika shati lake, pale tumboni.

"Joto linaviamsha," fundi alisema. "Vikiamka vinafanya kazi. Na kama hakuna cha kufanyia kazi, vinakulana vyenyewe kwa vyenyewe. Barafu ilikuwa ya kuvilaza mpaka vifike kwangu. Wewe umeviamsha tumboni kwako, na saa zote zile za basi na benchi vilikuwa vinamalizana." Hakupandisha sauti. "Mke wako hana kosa linalojulikana. Mwambie daktari leo. Mimi nimeandika nilichokuta; aliyebeba ndiye aseme alivyobeba."

"Atarudia?"

"Leo atarudia. Nafasi akishampa mwingine, sijui."

Dobi aliteremka kwenye basi akiwa ameshapanga maneno. Angeanza na mkewe, kisha wangekwenda pamoja hospitalini jioni ile ile. Lakini alipofika dukani alimkuta mama yake ameketi na kinyozi, muuza mkaa na majirani wawili, na wote wakanyamaza kwa heshima alipoingia. Kinyozi akainuka akampa mkono.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Na utusamehe. Sisi miaka yote tulikuwa tunakutania wewe."

Walikuwa wamemtania kweli. Dobi anafua nguo za watoto wa wenzake. Dobi anapiga pasi tu, haunguzi. Alikuwa akicheka nao na kuyameza. Sasa kinyozi aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na mama yake akasema, "Angalau mwanangu amesafishika. Watu wamejua si yeye." Dobi alisikia kitu kizito kinamshuka mabegani ambacho hakujua kwamba alikuwa amekibeba. Alitamani akae hivyo kidogo tu. Jioni hiyo moja.

"Asanteni," alisema.

Mkewe alimkuta baadaye kwenye meza ya pasi.

"Bwana, nikuulize kitu, usikasirike. Siku ile ulipita mahali?"

"Nipite wapi?"

"Sijui. Nauliza tu. Yale maji uliyafikisha sawasawa?"

"Si nilikwambia? Nilikubeba kama yai."

Mama Kola alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na mlango mmoja uliobaki na sasa umefungwa. "Basi ni mimi," alisema. Akachukua shati lililokuwa juu ya rundo, akaanza kulinyunyizia maji.

Dobi aliahidi moyoni kusema kesho. Kesho yake kulikuwa na mzigo wa hoteli. Siku iliyofuata mama aliamka na presha. Juma lilipokwisha, daktari alituma ujumbe kwamba nafasi imekwisha kutolewa, na tangu hapo Dobi alijiambia kwamba kusema sasa kungekuwa kumuumiza mke bure.

Nyumba ile haikumfukuza Mama Kola kwa siku moja. Ilianza na karai.

Alikuta nguo za mtoto wa wifi yake zimetolewa majini, zimetupwa zikiwa zinachuruzika kwenye ndoo nyingine.

"Wifi, mbona umezitoa? Nilikuwa nimeshazifikicha."

"Usinielewe vibaya, wifi yangu. Ni mama kasema. Mkono wako ule wa maji... mtoto bado mchanga."

"Mkono wangu una nini?"

"Kamwulize mama."

Mama mkwe aliulizwa akiwa anakunywa chai. "Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu," alisema. "Lakini hata daktari kasema. Maji yako hayana uhai. Unataka uyapitishe kwenye nepi za mjukuu wangu wa pekee?"

"Daktari hakusema hivyo, mama."

"Nilikuwepo! Nina masikio! Au unasema mimi mwongo mbele ya mume wako? Baba, mimi mwongo?"

Dobi alikuwa amejiinamia kwenye bakuli lake. "Mama, acheni hayo," alisema, na hakusema aliyetakiwa kuacha ni nani.

Baada ya hapo Mama Kola aliondolewa kwenye shuka za maharusi, kisha sare za shule. Wanawake wengine wawili wa mtaa walikuja na nguo za watoto wao, wakauliza kwa sauti ya chini nani atafua, na mama mkwe akawajibu kwa sauti ya juu. Mwishowe alibakiwa na mapazia, mikeka, na kola za wanaume, kwa sababu wanaume hawakujali. Vikombe vikatenganishwa. Hakuna aliyemwambia, alikiona tu kikombe chake kimewekwa peke yake dirishani. Akakichukua akanywea.

Siku moja mwanamke mmoja mwenye ujauzito mkubwa alikuja kuchukua nguo. Mama Kola alikuwa peke yake kaunta, akampa mzigo wake. Yule mwanamke alipokea kwa ncha za vidole, na alipofika nje akaziweka nguo chini, akafuta mikono kwenye gauni. Mama Kola alimwona. Dobi pia alimwona, kwa kuwa pazia lilikuwa wazi. Macho yao yakakutana.

"Sema kitu basi," mkewe alimwambia.

"Niseme nini? Watu wajinga hawa."

"Chochote. Niambie hata uongo."

Dobi alirudisha pasi mezani na kuibonyeza. Mvuke ukapanda kati yao.

Kesho yake asubuhi Mama Kola aliingiza nguo zake katika mfuko mmoja wa mteja ambaye hakuwahi kurudi. Mama mkwe alisimama mlangoni akihakikisha hachukui taulo za kazi. Mama Kola akamfungulia mfuko bila kuambiwa, akatoa nguo moja moja, akazionyesha, akazirudisha. Nguo ya ndani ya mwisho alipoinua, mama mkwe alitazama pembeni. Dobi alikuwa ndani. Alisikia mlango.

Mama Kola alikwenda kwa kaka yake, fundi baiskeli, mwenye mke na vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa cha vipuri. Wakasogeza magurudumu ukutani wakamtandikia. Mke wa kaka alimpokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa vicheko, na siku za mwanzo alimwita "wifi yangu wa kola" na kumletea mashati ya majirani.

Dobi alifika huko miezi mingi baadaye. Mama yake alikuwa ameshampatia mke mwingine na kilichobaki ni siku tu. Alimkuta Mama Kola uani amechuchumaa mbele ya karai. Alikuwa amekonda, na alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi ingawa hakukuwa na joto.

"Karibu," alisema. "Umeleta talaka?"

"Nimekuja kuzungumza."

"Kiti hakuna. Kalia tairi hilo."

Akakaa kwenye tairi, magoti yakamjia kifuani, akamweleza yote: barafu, taulo, shati, fundi wa miwani. Alilia kidogo alipofika kwa fundi. Mama Kola hakuacha kufikicha mpaka alipomaliza.

"Ulijua siku gani?"

"Kesho yake ya majibu."

"Nilikuuliza jioni ile."

"Ndiyo."

"Nafasi yangu ilikuwa bado ipo jioni ile."

Dobi alifuta machozi kwa kiganja.

"Na sasa umekuja kuniambia kwa nini?"

"Nimeshindwa kulala, mke wangu. Naona bora niwe msafi kabla ya..." Akakatiza.

"Kabla hujaoa." Akakamua shati, akalikung'uta. "Mama yako umemwambia?"

"Bado."

"Wifi? Kinyozi? Wale walionifutia mikono?"

"Nitawaambia. Nipe muda kidogo."

"Basi kumbe hukuja kunisafisha mimi," alisema. "Umekuja kufua za kwako hapa kwangu. Haya, zimetakata. Nenda."

Dobi alibaki amekaa kwenye tairi muda mrefu, akingoja labda atamtukana. Hakumtukana. Alianika mashati, akaingia ndani.

Siku iliyofuata Mama Kola alikwenda kwa daktari peke yake. Daktari alisikiliza habari ya taulo akiwa amefumba macho, kisha akapiga simu mbili, akampatia nafasi ya nje ya foleni. Akampima kwa mashine, akageuza kioo cha mashine upande wake ili mgonjwa asikione.

"Hedhi ya mwisho uliipata lini?"

"Kabla sijatoka kwa mume wangu. Nilidhani ni mawazo."

"Na joto hili la ghafla, la kujipepea?"

"Tangu wakati ule."

Daktari alifuta ile dawa ya utelezi tumboni mwake kwa mkono wake mwenyewe. "Ovari imekwisha kulala," alisema. "Hakuna maji tena ya kuchota. Ungekuja mwezi ule..." Akaacha hapo, akamsaidia kuinuka.

"Lakini yalikuwa mazima?" Mama Kola aliuliza. "Yale ya mwanzo?"

"Sijui. Na sasa hakuna namna ya kujua."

Dobi alioa. Mkewe mpya hajui lolote, na mama mkwe bado huwasimulia wateja kisa cha maji maiti. Mwanawe huwa nyuma ya pazia akipiga pasi. Mama Kola aliwahi kuwaeleza wanawake wawili waliomletea mashati habari ya kichupa na taulo. Walimsikiliza kwa huruma, na walipotoka mmoja alimwambia mwenzake kwamba aliyeachwa hakosi la kusema.

Mke wa kaka yake sasa ni mjamzito. Amekuwa haleti tena mashati, na chakula cha Mama Kola hupakuliwa kwenye sahani ya peke yake. Juzi kaka mtu alimwita nje, akazungumza naye akiwa anageuzageuza spana mkononi. Chumba kile kinatakiwa kwa ajili ya mtoto. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi.